Wadryope walikuwa watu wa kweli au wa hadithi tu?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Jioni huwa namsomea mwanangu hadithi za Herakles. Juzi tulifika pale Herakles anapomnyang'anya mkulima mmoja, Theiodamas, ng'ombe wake wa kulimia, anamuua, kisha baadaye anawafukuza watu wake wote kutoka nchi yao. Watu hao wanaitwa Wadryope. Mwanangu akaniuliza, 'Sasa walienda wapi?' Sikuwa na jibu. Nilipotafuta nikakuta Herodotus naye anawataja, tena kwenye vita vya Salamis, ambavyo ni historia kabisa. Je, ni watu wa kweli au wa hadithi? Na kama ni wa kweli, nchi yao nimwonyeshe wapi kwenye ramani?"

Marahaba, ndugu yangu. Mpe hongera mwanao, maana hilo la "walienda wapi" ndilo swali lenyewe. Wagiriki wa kale waliendelea kulijibu kwa mamia ya miaka, na majibu yao hayakufanana, kwa sababu kila aliyejibu alikuwa na jambo lake la kulinda.

Kwa ufupi: walikuwa watu wa kweli. Mwaka 480 KK, Wagiriki walipokusanya merikebu zao kumkabili mfalme wa Uajemi kwenye mlango wa bahari wa Salamis, mji wa Hermione ulileta merikebu tatu, mji wa Styra ulileta mbili, na kisiwa cha Kythnos kikaleta merikebu moja kubwa ya kivita pamoja na nyingine ndogo ya makasia hamsini. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika katika karne hiyo hiyo, anasema watu wa miji hiyo yote mitatu walikuwa Wadryope. Huwezi kupiga makasia kama wewe ni wa hadithi.

Ila angalia ramani uone ajabu yake. Hermione iko Peloponnesos, rasi kubwa ya upande wa kusini. Styra iko kwenye kisiwa kirefu cha Euboia, mashariki. Kythnos ni kisiwa kidogo cha bahari ya Aegean. Kati yao kuna bahari na nchi za watu wengine kabisa. Kwa hiyo usimtafutie mtoto duara moja la kuchora kwenye ramani, hulipati. Hawa ni kabila ambalo, tangu tunapoanza kulisikia katika maandishi ya historia, tayari limeshatawanyika.

Nchi yao ya asili ilikuwa wapi? Mwonyeshe mlima Parnassos, ule wenye Delphi, mji mtakatifu wa mungu Apollo, ubavuni mwake, halafu sogeza kidole kaskazini hadi mlima Oita. Kati ya milima hiyo miwili kuna kipande cha nchi ambacho Herodotus anakiita Doris, chembamba kama ulimi, upana wake stadia 30 hivi, yaani kama kilomita tano na nusu. Anaongeza kwamba zamani kipande hicho kiliitwa Dryopis. Na Doris ndiyo nchi ambayo Wadoria, kundi moja kubwa la Wagiriki, wakiwemo Wasparta, waliihesabu kuwa chimbuko lao kabla ya kushuka kusini. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Jina lenyewe lina harufu ya msitu. Neno la Kigiriki *drys* ni mti wa mwaloni, na *dryops* lilikuwa pia jina la ndege mmoja. Wasimulizi walieleza kwamba babu yao, Dryops, alipozaliwa mama yake alimficha kwenye mwaloni kwa kumwogopa baba yake mwenyewe, babu wa mtoto, maana mimba ilikuwa ya mungu Apollo. Wengine walisema Dryops ni mtoto wa mto Spercheios, unaopita kaskazini ya mlima Oita. Hizo ni hadithi za kueleza jina, kama zilivyo katika kila kabila, lakini hiyo ya mto inamweka babu huyo katika milima ile ile na mabonde yale yale.

Sasa tuje kwa yule mkulima na ng'ombe wake.

Hadithi hiyo imetufikia kwa sura zaidi ya moja. Kwa msimulizi mmoja, Herakles alikuwa anapita nchi ya Wadryope na njaa ikamshika. Akamkuta Theiodamas na jozi ya maksai. Akamfungua mmoja nirani, akamchinja, akala. Baadaye, akiwa mgeni wa mfalme Keyx wa Trachis, akawapiga Wadryope. Mshairi Apollonius wa Rhodes, wa karne ya 3 KK, anaisimulia kwa uwazi unaouma zaidi. Anamwonyesha Theiodamas akiwa shambani kwake, anapasua ardhi kwa plau, na Herakles anamtaka ampe maksai. Mwenye mali anakataa. Herakles anamuua. Kisha mshairi mwenyewe anatupa sababu: Herakles alikuwa anatafuta kisingizio cha kuwapiga vita Wadryope, kwa kuwa waliishi bila kujali haki. Mtoto wa marehemu, Hylas, Herakles akamchukua na kumlea, na ndiye kijana yule anayekuja kuvutwa majini na mabinti wa chemchemi katika safari ya merikebu ya Argo.

Soma tena mahali hapo, ndugu yangu. Mtu anauawa shambani kwake kwa kukataa kunyang'anywa mnyama wake wa kulimia, halafu waliotajwa kuwa hawajali haki ni watu wa upande wa aliyeuawa. Mimi nimesoma kipande hicho mara nyingi na bado kinanishtua. Mshairi hakuficha kitu, lakini hadithi aliyoipokea ilikuwa imeshakata shauri kabla yake.

Diodorus wa Sicilia, wa karne ya 1 KK, hana ng'ombe katika simulizi yake. Yeye anasema mfalme wa Wadryope, Phylas, alikosea adabu hekalu la Delphi. Herakles akaenda na Wamalia, jirani zao, akamuua Phylas, akawafukuza watu wake na nchi yao akawapa Wamalia. Na hapa ndipo mwanao anapopata jibu la moja kwa moja la "walienda wapi". Diodorus anasema baadhi walivuka kwenda Euboia wakajenga mji wa Karystos. Wengine walikwenda hadi Cyprus wakachanganyika na wenyeji. Waliobaki wakamkimbilia Eurystheus, mfalme wa Mykenai, yule yule aliyekuwa anamtuma Herakles kazi ngumu. Eurystheus alimchukia Herakles, basi wakimbizi waliofukuzwa na Herakles wakapata mlezi. Kwa msaada wake wakaanzisha miji mitatu Peloponnesos: Asine, Hermione na Eion.

Kwa nini Delphi iingizwe? Maoni yangu ni haya. Wafalme wa Sparta walijitambulisha kuwa wazao wa Herakles, na Wadoria walidai chimbuko lao ni ule ulimi wa nchi uliokuwa Dryopis. Nchi ukiwa umeikuta na watu, lazima siku moja utaulizwa wale wa kwanza walikwenda wapi. Hadithi ya Herakles inajibu kabla hujaulizwa: waliondolewa na shujaa, kwa kosa lao, mbele ya Apollo. Hiyo ni hatimiliki iliyoandikwa kwa mdomo. Kosa la kumkufuru mungu ndilo linalofaa kuliko yote, kwa sababu halihitaji shahidi.

Lakini Wadryope nao walikuwa na mdomo, na ni bahati yetu kwamba kuna mtu aliyewasikiliza. Katika karne ya 2 BK, msafiri Pausanias alizunguka Ugiriki akiuliza habari za mahekalu, na alipofika mji wa Asine, ule wa pili ambao nitaueleza baadaye, watu wa pale walimpa upande wao wa kesi. Kwanza Pausanias ananukuu hadithi iliyozoeleka: Herakles aliwashinda Wadryope, akawapeleka Delphi wakiwa mateka na kuwatoa sadaka kwa Apollo, kisha kwa agizo la mungu akawahamishia Peloponnesos. Halafu anaandika walivyosema wenyewe. Ndiyo, tulishindwa vitani, hilo hatukatai. Mji wetu pale Parnassos ulitekwa. Lakini mateka hatukuwa, na hakuna aliyetupeleka kwa Apollo. Tulipoona kuta zinaangukia mikononi mwa Herakles, tuliuacha mji tukapanda vilele vya mlima. Baadaye tukavuka kwa merikebu, tukamwendea Eurystheus tukiomba, naye akatupa Asine.

Unaona wanachokikubali na wanachokikataa? Kushindwa wanakubali, utumwa wanakataa. Kufukuzwa wanakubali, kuhamishwa kama mifugo wanakataa. Na wanaongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: wanasema Dryops, babu yao, ni mtoto wa Apollo. Watu walioshtakiwa kwamba walimkosea Apollo wanajibu kwamba Apollo ni babu yao. Mji wao ulikuwa na hekalu la Apollo pia.

Asine hiyo ya kwanza unaweza kuiona hata leo. Iko kando ya kijiji cha pwani cha Tolo, katika mkoa wa Argolis, juu ya mwamba uliochomoza baharini. Mshairi Homer anaitaja kwa jina tu, mara moja, katika orodha ya miji iliyopeleka watu Troia. Mji huo uliangamia kwa kuchagua upande. Wasparta, chini ya mfalme wao Nikandros, waliivamia nchi ya Argos, na watu wa Asine wakaungana nao. Wasparta wakaenda zao. Asine haikuwa na pa kwenda, ilikuwa palepale mlangoni mwa Argos. Mfalme Eratos wa Argos akaja na jeshi. Pausanias anasema walinzi walishikilia ukuta kwa muda, wakamuua Lysistratos, mmoja wa watu wa heshima wa Argos. Ukuta ulipoanguka, wakawapakia wake na watoto kwenye merikebu wakaiacha nchi yao. Watu wa Argos wakaubomoa mji hadi chini, wakachukua mashamba, lakini hekalu la Apollo hawakuligusa. Kando yake wakamzika Lysistratos.

Hapo wanaakiolojia wanaweza kutusaidia. Kuanzia mwaka 1922 wataalamu kutoka Sweden walichimba mahali hapo, kwa msukumo wa mwana wa mfalme, Gustaf Adolf, aliyekuja kuwa mfalme wa Sweden mwaka 1950. Waligundua kwamba watu wamekaa pale tangu Enzi ya Shaba, na kwamba maisha ya mji wa enzi ya vyungu vya mapambo ya kijiometri yanakatika mwishoni mwa karne ya 8 KK. Ndiyo maana vitabu vingi huandika kwamba Asine ilibomolewa karibu na mwaka 710 KK. Herakles hachimbuliki, lakini mji uliobomolewa unachimbulika, na udongo umekubaliana na msafiri.

Wasparta waliwatafutia wakimbizi hao mahali pengine, kusini-magharibi, katika nchi ya Messenia waliyokuwa wameiteka. Wakajenga mji mwingine na kuuita jina lile lile, Asine. Kwa hiyo hesabu: wametoka Parnassos, wakafukuzwa. Wakakaa Argolis, wakafukuzwa. Sasa wako Messenia, juu ya ardhi ya watu wengine waliofanywa watumwa. Mwaka 369 KK, mji wa Thebes ulipowakomboa Wamessenia na nchi yao ikarudi mikononi mwao, ungetarajia Asine ifukuzwe mara ya tatu. Haikufukuzwa, wakaachwa wakae.

Sasa nikueleze kwa nini najibu "watu wa kweli" bila kusita, ingawa hakuna chungu hata kimoja ambacho mtu anaweza kukishika akasema hiki ni cha Kidryope.

Lugha yao haiwezi kututambulisha. Maandishi yaliyopatikana Hermione ni ya lahaja ya Kidoria, kama ya majirani. Styra vimepatikana vibao vidogo vya risasi, mamia, kila kimoja na jina la mtu, cha karne ya 5 KK, navyo ni vya lahaja ya Kiionia, kama ya majirani wa Euboia. Wadryope wa kusini walizungumza kama wa kusini na wa mashariki kama wa mashariki. Sarafu, mavazi, aina ya serikali, hakuna kilichowaunganisha. Kilichobaki ni jina, pamoja na kumbukumbu ya kufukuzwa.

Na jina mtu hulishika au huliacha. Pausanias anasema wazi kwamba watu wa Styra ni Wadryope kwa asili, tena hata hawakushiriki vita dhidi ya Herakles, kwani walikaa mbali na mji. Lakini wanaona aibu kuitwa hivyo. Watu wa Asine, kinyume chake, anasema ndio pekee miongoni mwa Wadryope wanaojivunia jina hilo hadi siku zake. Nimejiuliza sana juu ya tofauti hiyo. Styra ilikuwa mji mdogo kati ya wakubwa wa Euboia, karibu na Athens, na kuwa Mdryope maana yake ilikuwa kuwa mtoto wa aliyepigwa. Kuliacha jina kuliwapunguzia mzigo. Asine hawakuwa na kitu kingine. Ardhi waliyokalia ilikuwa zawadi ya mtu, majirani zao hawakuwa ndugu zao, na jiwe la mji wa babu zao lilikuwa limebomolewa mara mbili. Jina ndilo waliloweza kubeba merikebuni pamoja na watoto.

Hata vita vya Uajemi vinaonyesha jambo hilo. Baada ya ushindi, Wagiriki walitengeneza nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, wakaiweka Delphi, na kuandika juu yake miji 31 iliyopigana. Nguzo hiyo baadaye ilihamishiwa Constantinople, na kipande chake bado kimesimama Istanbul. Hermione imeandikwa. Styra imeandikwa. Kythnos imeandikwa. Neno "Wadryope" halimo. Miji yao mitatu imepata heshima pale pale Delphi, mahali walipodaiwa kumkosea mungu, lakini kila mmoja chini ya jina la mji wake. Mwanahistoria Thucydides naye, akiorodhesha majeshi yaliyokwenda kupigana Sicilia upande wa Athens, anapofika kwa watu wa Karystos anasimama kidogo na kuweka neno: hawa ni Wadryope. Hakueleza zaidi. Wasomaji wake walijua.

Ningependa pia umsimulie mwanao kuhusu Hermione, ingawa pengine akikua kidogo, maana kuna damu. Kila kiangazi mji huo ulimfanyia sikukuu mungu wa kike Demeter wa chini ya ardhi, waliyemwita Chthonia. Maandamano yaliongozwa na makuhani na viongozi wa mji, wakafuata wanawake na wanaume, na watoto waliovaa nguo nyeupe na mashada ya maua kichwani. Nyuma kabisa aliletwa ng'ombe mzima, amefungwa kamba, bado anarusha mateke. Walipofika hekaluni wakamwachia akimbilie ndani, wakafunga milango. Ndani walikuwepo bibi vizee wanne, na wao ndio walimchinja kwa mundu. Milango ikafunguliwa, akaingizwa wa pili, wa tatu, wa nne. Na upande aliouangukia wa kwanza, wote walipaswa kuuangukia. Kilichoabudiwa mle ndani hakuna mwanamume aliyewahi kukiona, ni wale bibi tu. Kuna jiwe la maandishi linaloonyesha kwamba watu wa Asine ya Messenia, waliokuwa mbali upande wa pili wa Peloponnesos, walileta sadaka yao kwa Chthonia huyo na kuuhuisha undugu wao na Hermione. Karne nyingi baada ya kutengana, bado walihesabiana ndugu.

Mambo mengine nayapitia haraka. Wimbo mmoja wa kale wa kumsifu mungu Pan, yule mwenye pembe na miguu ya mbuzi, unamfanya kuwa mjukuu wa Dryops kwa binti yake. Hermes ndiye baba, na mtoto alipozaliwa na ndevu zake mlezi aliruka akakimbia. Na huko Athens, kiongozi Kleisthenes alipougawa mji katika makabila kumi mwaka 508 KK, moja likaitwa Antiochis, kwa jina la Antiochos, mtoto ambaye Herakles alimzaa na binti wa Phylas, mfalme yule aliyemuua. Mwanafalsafa Sokrates alikuwa wa kabila hilo. Damu ya mfalme aliyeitwa mkufuru ikawekwa kuwa jina la heshima katika mji wenye majivuno kuliko yote ya Ugiriki.

Basi mwanao akikuuliza tena, chukua ramani na uweke kidole sehemu nne. Parnassos na Oita, walikotoka. Tolo, kwenye mwamba wa Asine ya kwanza. Kisiwa cha Kythnos, ambako hadi leo kuna kijiji kinaitwa Dryopida. Halafu Koroni, kwenye ncha ya kusini-magharibi, mji wa leo uliosimama juu ya Asine ya pili. Hapo ndipo Pausanias alipoonyeshwa hekalu la Dryops na sanamu yake ya kale, na kuambiwa kwamba humfanyia ibada za siri, baba yao wa Parnassos, mtoto wa Apollo.